Thina, Gundi na Ujauzito: Jinsi ya Kusoma Lebo ya Debe

Karakana nyingi za Kampala hununua thina ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Chupa hiyo haina lebo, basi mwombe muuzaji akuonyeshe debe lenyewe na ulipige picha pande zote. Akikosa debe, ichukulie kuwa ina tolueni, kiyeyusho kinachoshukiwa kudhuru mimba, maana thina nyingi za rangi za magari huwa nayo.

Alama ya moto iache kwanza. Tafuta ile ya kifua cha mtu chenye nyota. Hata hiyo haitoshi, kwa sababu hutumika pia kwa saratani na kwa madhara ya mapafu. Soma misimbo ya hatari, yaani herufi H na namba, inayoanza na H36. H360 humaanisha madhara kwa uzazi au mimba yamethibitika au yanachukuliwa hivyo; H361, yanashukiwa; H362, hatari kwa mtoto anayenyonya. Herufi ya mwisho ndiyo kiini: D au d ni mtoto tumboni, F au f ni uwezo wa kuzaa, wa mwanamume pia. Tolueni ni H361d. Heksani, kiyeyusho kilichomo kwenye baadhi ya gundi za viatu, ni H361f. NMP, kiyeyusho cha kutolea rangi ya zamani, ni H360D.

Neno kubwa la DANGER (hatari) lisikuongoze hapa. Debe la tolueni huliandika kwa sababu inashika moto upesi na ni hatari ikimezwa. Na "kushukiwa" ni habari ya ushahidi ulipofika, si kwamba kidogo hakidhuru.

Katika mchanganyiko, kanuni za Ulaya hudai msimbo wa H361 kuanzia asilimia 3 tu; chini ya hapo lebo inaweza kukosa msimbo huo, hivyo omba hati ya usalama ya bidhaa usome sehemu ya 3, yenye viambato, na ya 8, yenye kinga.

Usingoje kliniki ithibitishe mimba ndipo ujikinge. Viungo vya mtoto hujengeka kati ya wiki ya 3 na ya 8 tangu mimba kutungwa, wakati wengi hawajajua. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke. Inahitajika yenye katriji ya kaboni, aina A, mstari wa kahawia. Glavu nyembamba za mpira tolueni huzipenya kwa dakika chache. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hutanda chini, kwa hiyo dirisha la juu pekee halisaidii sana.

Sheria ya Uganda ya Usalama na Afya Kazini ya 2006 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi. Wengine humpa mjamzito "kazi nyepesi" ya kuosha brashi. Hiyo ni mbaya kuliko kupiga msasa wa maji: mikono imo kwenye thina, pua iko juu ya ndoo.