Kupiga picha ya mtu aliyelala nje, ionekane kama ndoto

Picha yangu ya kwanza ya usingizi niliipiga nikaridhika nayo kabisa: mdogo wangu amelala chali kwenye nyasi, shuka jeupe hadi kifuani, mikono ameikunja, macho ameyafumba. Mama alipoiona alishtuka. "Huyu amekufa?" Nikaitazama upya, na kweli nilikuwa nimepiga maiti ndani ya sanda. Tangu siku hiyo naanza na mwili kwanza, mwanga baadaye.

Mtu aliyelala ni mzito. Misuli imelegea, shavu linabonyea kwenye mto, mdomo umeachia kidogo, vidole vimejikunja vyenyewe kama vya mtu aliyeshika yai. Anayejifanya amelala hukaza kope, hubana midomo na kunyoosha vidole, na kamera huyaona yote hayo. Kwa hiyo mlaze ubavu, goti la juu likunjwe lisogee mbele, mkono mmoja uwe chini ya shavu, wa pili uachwe uangukie unakotaka. Mwambie aelekeze macho miguuni huku ameyafumba, kope zitatulia. Halafu mwache. Mimi humpa mtu dakika 10 nzima bila kumgusa wala kumwelekeza, nikabonyeza pale anapomaliza kutoa pumzi, maana ndipo mabega hushuka. Akihisi baridi hutapata kitu, taya litabaki limekaza. Tandika nailoni ya kuzuia umande, juu yake blanketi nene, ndipo shuka.

Shuka lenyewe liwe la pamba iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika, rangi ya maziwa au buluu iliyopauka. Satini hung'aa na kumnyang'anya mtu macho ya watazamaji. Jeupe pepe lina taabu nyingine: mita ya kamera, yaani kipima mwanga chake, ikikutana na weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso, hasa wa mtu mweusi, huzama gizani. Ukungu nao hufanya vivyo hivyo. Pimia mwanga usoni, si kwenye kitambaa.

Saa ninayoipenda ni dakika 20 kabla ya jua kuchomoza. Anga lote huwa taa moja kubwa, na vivuli havina kingo. Kama usiku ulikuwa mweupe, bila mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake na ukungu hutanda mabondeni na kando ya maji. Usiku wa namna hiyo mimi huandaa mfuko wa kamera kabla ya kulala. Usiiachie kamera ijichagulie rangi, kwa sababu itajaribu kuufuta ubuluu wa alfajiri unaoutafuta. Weka mwenyewe kelvini 4,000 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga). Kisha, na hili ndilo lililoniondoa kwenye sanda, weka taa ndogo ya manjano karibu na uso, hafifu kiasi kwamba mtazamaji asijue inatoka wapi. Dunia inakuwa baridi, shavu linabaki na uhai.

Kwa lenzi ya milimita 50 au 85, fungua tundu la lenzi hadi f/2 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana), ulale kifudifudi na upige kupitia majani yaliyo karibu kabisa na lenzi. Yatageuka pazia. Fokasi, yaani sehemu ya picha iliyo kali zaidi, iwe kwenye jicho lililo karibu nawe. Usipigie upande wa miguu, utaona matundu ya pua tu. Pigia ubavuni, au simama juu ya ngazi uielekeze kamera chini wima, kama dari linavyomtazama mtu kitandani.

Sasa njia ninayoithamini kuliko zote. Mtu aliyelala hatikisiki, kwa hiyo shata ya polepole, yaani kuiacha kamera ipokee mwanga kwa muda mrefu, ni haki yako. Kamera juu ya tripodi (stendi ya miguu mitatu), ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, 100, f/8, nusu sekunde hadi sekunde nzima kadiri mwanga unavyoruhusu, ukisubiri upepo uguse nyasi na pindo la shuka. Yeye anabaki mkali, dunia inayeyuka pembeni yake. Piga fremu 10 au zaidi, kwa kuwa upepo haurudii umbo. Hakuna programu iliyowahi kunipa hali hiyo.

Ukitaka mtu aelee hewani, mlaze kwenye benchi jembamba, funga fokasi na mwanga, piga fremu moja akiwepo na nyingine mahali patupu, kisha ufute benchi kwa kuziunganisha. Nywele na kitambaa vining'inie. Benchi likiwa pana hubonyeza mwili na siri hutoka.

Katika kuhariri, inua kidogo mwanga wa sehemu nyeusi na upunguze ukali wa mandhari, ila ngozi iache na vinyweleo vyake. Usimlaze mtu barabarani, relini wala majini, hata kwa dakika moja. Na mkubaliane mapema kwamba usingizi wa kweli ukimchukua, utaendelea kupiga. Mdogo wangu alichukuliwa mara ya tatu tulipojaribu. Nilipiga fremu nane, nikamvutia blanketi hadi mabegani, nikakaa kumngoja aamke.