Krismasi ya bwenini Uingereza: lala kwa mwenyeji tangu tarehe 24

Ndugu zangu mnaosoma Uingereza, hasa mliofika Septemba hii, jambo moja muhimu: tarehe 25 Desemba treni hazitembei, na London hata mabasi ya kawaida husimama siku nzima. Maduka makubwa nayo hufungwa, ni sheria. Mwaka wangu wa kwanza sikulijua hilo. Nilialikwa kula pilau upande wa pili wa jiji, nikaishia chumbani na mkate, bweni zima kimya, na jua likazama kabla ya saa kumi jioni. Upweke wa siku ile sitausahau.

Kwa hiyo chagueni mapema nyumba moja yenye jiko kubwa, na kila mtu afike tarehe 24 na blanketi lake. Nyama ya mbuzi, bizari nzima, iliki na mdalasini mtavipata kwenye maduka ya Wahindi na Wapakistani, ila nunueni kufikia tarehe 23. Mpika pilau asiachiwe gharama peke yake, changeni.

Nyumbani pigeni simu saa moja asubuhi. Huko ni saa nne, maana wametutangulia saa tatu, na mara nyingi mama bado hajazidiwa na wageni.

Na tafadhali, gongeni milango ya korido yenu. Mchina au Mnigeria aliyebaki peke yake naye apate sahani, hata kama hasherehekei Krismasi.