SOMO: Jinsi ya kuchora na kukausha maua ya porini (maswali na majibu yako chini)

Haya watu wangu, tangu niweke zile picha za mukengeria (kale kamea ka porini ka maua ya buluu) nimeulizwa hii kitu sana, kwa hivyo naandika yote hapa mara moja. Mimi huchuma maua ya kawaida tu ya hapa Nairobi, kando ya mtaro, kwenye fensi, nyuma ya ploti, na nawaambia ukianza kuangalia vizuri huwezi tena kupita tu.

Kabla ya vifaa shika mpangilio: andika hapo hapo unapochuma, chora likiwa bichi, halafu ndio ukaushe. Wengi tunaanza na kukausha. Mimi niko na katoni ya maua kama arobaini ya mwaka wangu wa kwanza, yamekauka vizuri kabisa, lakini hakuna tarehe hakuna mahali, na siwezi kukuambia gani lilitoka Limuru na gani lilitoka Kitengela. Yanauma roho kila nikifungua.

HATUA YA 1, kuchuma. Toka saa tatu au saa nne asubuhi umande ukishakauka, na kama kumenyesha ngoja. Mukengeria ndio hangoji, lile ua la buluu hufunguka asubuhi na kufikia mchana limeshanyauka, kwa hivyo hilo wahi. Usichukue ua peke yake, chukua tawi lenye majani, ua lililofunguka, lingine ambalo halijafunguka, na tunda kama liko. Mmea mdogo ng'oa na mizizi. Ile mukengeria ya majani mapana (Commelina benghalensis) ukiichimba pole pole utapata vishina vyeupe chini ya udongo, na huko huko chini iko na maua madogo yaliyojifunga ambayo hayatoki nje kamwe na bado yanazaa mbegu! Mara ya kwanza kuona nilikaa chini kabisa.

Karura na Nairobi National Park usichume bila kibali. Orkidi na aloe za porini ziache kabisa, hizo biashara yake inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini. Na kama umeona mmea mmoja tu mahali, piga picha uende zako.

Kwenye daftari andika na penseli, biro ikishika maji inasambaa: namba yako, tarehe, mahali (GPS ya simu inatosha), mwinuko, udongo, urefu wa mmea, rangi ya ua, harufu, na jina wanaloliita watu wa hapo. Rangi na harufu usisahau, hizo ndizo zitapotea kwanza.

HATUA YA 2, kuchora. Hapa ndipo usiharakishe. Weka tawi kwenye glasi ya maji karibu na dirisha, kama unatumia mkono wa kulia mwanga utoke kushoto ndio kivuli cha mkono kisikusumbue. Pima na rula. Chora ukubwa halisi, au mara mbili kama ni kadogo, na uweke kamstari ka kuonyesha sentimita. Hesabu petali, hesabu stameni (vile vijiti vya chavua katikati ya ua), usikisie. Gusa pia. Lile ua la rangi ya machungwa linalokaa kwa mafungu ya duara juu ya shina, Leonotis, ukilibonyeza shina utasikia ni la mraba, sasa ukilichora la mviringo umechora mmea mwingine. Ua la pili lipasue katikati kwa wembe uchore ndani. Rangi ya maji ichanganye saa hiyo hiyo, uweke tone pembeni ya karatasi, hata kama utapaka kesho.

Ukitaka kuona kazi ya kweli nenda makumbusho ya Nairobi, pale Museum Hill, uangalie michoro ya Joy Adamson. Watu wanamjua kwa simba, lakini mwaka 1947 alipewa medali ya dhahabu ya Grenfell na Royal Horticultural Society kwa michoro yake ya maua, na hata kitabu chake cha simba, Born Free, kilikuwa hakijaandikwa.

HATUA YA 3, kubana. Gazeti la zamani (karatasi za kung'aa hazinyonyi maji), kadibodi ya katoni, mbao mbili, na mawe au mkanda. Panga majani vizuri na ugeuze jani moja tumbo lionekane. Siku nne za kwanza badilisha gazeti kila siku, baadaye siku moja moja ruka. Wiki moja hadi siku kumi linakuwa tayari. Liguse na shavu, likiwa baridi bado lina maji.

HATUA YA 4, kubandika. Manila nzito inayokaribia A3, gundi nyeupe kidogo, na vipande vyembamba vya karatasi kushika shina. Selotepu HAPANA, inageuka njano na kubanduka. Lebo chini kulia. Mbegu zikianguka zitie kwa kabahasha kadogo ubandike hapo hapo.

HATUA YA 5, funga kwa plastiki uweke frija ya kugandisha wiki nzima kuua wadudu na mayai. Ukitoa ngoja joto lirudi ndio ufungue, la sivyo unyevu utaingia.

MASWALI

mama_twins: Dada yangu yametoka meusi na yana kitu kama nywele nyeupe, shida ni nini?

Jibu: Pole mama, hiyo ni kuvu, gazeti lilikaa na maji. Juni na Julai huku kwetu jua ni la kutafuta, badilisha asubuhi na jioni na mafungu yasiwe manene. Hayo yatupe, yasiambukize mengine.

kijana_wa_umo: kwani siwezi piga pasi tu ama maikrowevu?

Jibu: Kwa kadi ya kumpa mtu, pasi ya moto mdogo bila mvuke ni sawa. Kwa sampuli, maikrowevu hapana, inaharibu DNA na kuua mbegu.

ticha_wa_grade5: Nataka kufanya na watoto darasani, kuna maua ya kuogopa?

Jibu: Asante sana mwalimu. Gloriosa (petali nyekundu na njano zimejikunja kama moto) na Datura (maua marefu kama tarumbeta) zina sumu kali, watoto wasiguse. Waanzie na kishona nguo, mbegu zake wanazijua tayari kutoka kwa soksi.

otis254: Simu yangu inapiga picha safi, kuchora ni ya nini?

Jibu: Picha inachukua upande mmoja wa mmea mmoja. Kwa mchoro unaweka tumbo la jani, ua lililopasuliwa na tunda lililokuja mwezi mmoja baadaye, yote kwa ukurasa mmoja. Piga picha pia, lakini kuhesabu stameni ndio kutakufanya ulijue hilo ua.

nyar_kisumu: Jakaranda na tithonia si za huku, zinahesabika?

Jibu: Zinahesabika. Jakaranda asili yake Amerika Kusini, tithonia Meksiko. Andika kwa lebo kama ulipandwa au umejiotea, hiyo ni habari muhimu.

mama_twins: Na museum wanaweza kuchukua yetu?

Jibu: Hebariamu (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki iko hapo hapo Museum Hill, ilianzia Amani, Tanzania ya leo, mwaka 1902 ikahamishiwa Nairobi 1950. Uliza kwanza kabla ya kubeba. Chuma matawi mawili ya mmea mmoja uyape namba ile ile, tawi moja ubaki nalo, na usibandike la kupeleka, lipeleke kwa gazeti lake na lebo ndani.