Namna ya kumfikisha kliniki ya methadoni binti anayetumia unga

Familia nyingi za Dar es Salaam, zinapogundua kwamba binti yao anatumia unga, yaani heroini, humfungia chumbani mpaka arosto, yale maumivu ya kukosa unga, imwishe. Arosto huisha kweli baada ya siku kadhaa, lakini hamu ya heroini hubaki, na mwili uliokaa bila unga hauwezi tena kuhimili kiwango ulichokizoea, hivyo binti akitoroka na kutumia kete (vifurushi vidogo vya unga) zile zile anaweza kufa siku hiyo hiyo. Usimfungie, mpeleke kliniki.

Huduma ya methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, ilianza Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo inapatikana pia katika mikoa mingine kadhaa. Dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na kipimo kikiwa sawa hutuliza arosto bila kumlewesha. Ukikosa pa kuanzia, piga 119, simu ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Zungumza naye wakati hana arosto wala hajalewa, bila kumwita teja. Muulize ni nani anayemletea kete na nani anayemdunga, kwa sababu wasichana wengi huanzishwa na mpenzi, na mpenzi huyo asipokubali kwenda naye kliniki, huwa ndiye anayemrudisha kijiweni.

Muulize pia kuhusu hedhi. Heroini huivuruga hata msichana akaamini hawezi kushika mimba, naye akajikuta na miezi minne bila kujua, kwa hiyo apimwe mapema. Akiwa mjamzito, asiachishwe unga ghafla, maana arosto kali huhatarisha mimba. Methadoni ndiyo tiba inayopendekezwa kwake. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, nayo hutibika, ila wakunga waelezwe kabla ya siku ya kujifungua. Najua aibu wanayoiona mabinti hawa mbele ya wakunga, ndiyo maana nasisitiza mama, dada au shangazi amsindikize kila anapokwenda kliniki ya wajawazito.

Apimwe pia virusi vya UKIMWI na kifua kikuu, kisha ataje kila dawa anayomeza. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya methadoni, na asipoongezewa kipimo, arosto itamrudia naye ataona tiba haifai.

Linalowashinda wengi ni kwenda kila siku: nauli, mtoto wa kuachiwa mtu, na foleni iliyojaa wanaume wanaomjua. Wiki za mwanzo nenda naye, mbebee mtoto, mlipie nauli. Akikosa siku kadhaa, usimgombeze wala usimzuie kurudi, bali mwambie amweleze muuguzi ukweli kabla ya kunywa, ili kipimo chake kiangaliwe upya na kipunguzwe ikibidi.