Kafi Kimya: Kutazama Ndege Ziwa Duluti

Duluti ni ziwa dogo la kreta pale Tengeru, nje kidogo ya Arusha ukielekea Moshi. Msitu umeshuka hadi ukingoni, na alfajiri maji hutulia tuli.

Hatua ya 1. Ingia majini na mtumbwi saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Jaketi la kuokolea ni lazima, hata kwa mwogeleaji hodari.

Hatua ya 2 ni kafi, na hapa ndipo wengi hukosea. Ndege huuzoea mtumbwi. Kinachomrusha ni kafi kugonga ubavu, au kumetameta juani likiinuliwa. Zungushia kitambaa pale mpini unapogusa ubavu. Lichomeke majini wima, vuta taratibu, litoe bila kulipandisha juu ya kiuno.

Hatua ya 3. Ukimwona mnyama, acha kupiga kafi ukiwa bado mbali, mtumbwi uteleze wenyewe. Usimwelekee, pita mshazari kama mtu anayekwenda zake. Mnandi aliyetandaza mbawa juu ya gogo anazikausha, maana manyoya yake hulowa. Akirefusha shingo, umeshamsogelea mno, rudi nyuma. Mdiria mweusi na mweupe hupepea mahali pamoja angani kisha hujitupa kichwa chini. Yule mdogo wa buluu mtafute chini kabisa kwenye matete. Ukisikia kenge amejitosa, ulichelewa kusimama. Mimi humngoja furukombe: anapolia hutupa kichwa chake cheupe nyuma, na kreta nzima huitika.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Sina darubini, niende tu?
Jibu: Marahaba. Nenda, utumie masikio. Hondohondo utasikia mbawa zikivuma kabla hujamwona.

Swali: Na watoto je?
Jibu: Mmoja kwa kila mtumbwi, akae mbele. Mpe kazi ya kukuonyesha kwa kidole, bila kusema. Wanaona kuliko sisi.

Swali: Kaka, huku Ziwa Naivasha, Kenya, nifuate hatua hizi hizi?
Jibu: Hapana ndugu yangu, tafadhali. Naivasha kuna viboko, na kiboko akishtukizwa ni hatari. Huko ukimya si rafiki: gongagonga ubavu wa chombo ajue ulipo, kaa mbali na mafunjo, usimzibie njia ya kuelekea kwenye kina, na usitoke bila mwenyeji anayejua wanapolala.