Usifunue Kitalu cha Nyanya kwa Kisingizio cha Kukomaza Miche

Wakulima wa Arumeru, kila msimu swali ni lilelile: "Bwana shamba, nyanya zimepiga rasta, nipulizie nini?" Hakuna cha kupulizia. Mara nyingi rasta hiyo mmeitoa kitaluni, wiki ile ya mwisho mlipofunua neti ili miche izoee jua.

Rasta, yaani majani kujikunja, huletwa na virusi, na kimojawapo kimepewa jina la Arusha yetu. Vinaenezwa na nzi weupe. Nzi akifyonza mmea mgonjwa kwa dakika 15 hadi 20 tu, tayari amebeba kirusi. Ninyi mnamwachia kitalu siku saba!

Kirusi kikiingia kwenye seli, mmea hupambana: hukatakata RNA yake, yaani nakala za maagizo yake, kisizaliane. Hapo ndipo kinapotumia protini ndogo iitwayo V2. Kwa kirusi cha rasta ya njano, V2 ina amino asidi (vipande vinavyojenga protini) 116 tu, lakini mwaka 2008 watafiti wa Israeli walionyesha kuwa hujishikiza kwenye SGS3, protini ambayo mmea huitegemea katika kinga hiyo. Kinga ikizimwa, kirusi kinazaliana kitakavyo. Busta, mbolea ya kupulizia majani, haifiki huko, wala dawa ya ukungu. Kiuatilifu kinaua nzi, hakiponyi mche. Na kwa kuwa majani huanza kujikunja wiki mbili hadi tatu baadaye, mche mgonjwa unauhamisha ukiupenda, kisha lawama anabeba muuza mbegu.

Neti iwe ya matundu 50 kwa inchi. Chandarua cha mbu hakifai, nzi weupe wanapita humo wapendavyo. Nimeshasema hili mpaka nimechoka. Fukia pindo lake sentimita 15 ardhini pande zote, na neti uifungue wakati wa kumwagilia tu, kisha ufunge papo hapo. Kukomaza kunafanywa na maji, si kwa kufunua: siku saba kabla ya kuhamisha, mwagilia asubuhi mara moja kila baada ya siku mbili, neti ikiwa juu. Ifunue jioni ileile unayohamisha.

Majani machanga yakibaki bapa, bila kujikunja, hadi maua ya kwanza, umevuka hatari kubwa.

Shina likijikunja majani shambani, ling'oe alfajiri nzi wakiwa bado wazito, ulitie kwenye mfuko palepale na kufunga mdomo. Ukiliburuta wazi hadi mferejini, nzi wote wanahamia kwa jirani.