Venye unaitisha faili lako chuoni bila kubembeleza mtu

Nikiwa mwaka wa pili, usiku mmoja niko kwa matatu ya Rongai nimebanwa dirishani, simu ikaanza kutetemeka. Klasi repu, mwakilishi wa darasa letu, ametupa faili ya Excel kwa grupu ya darasa, watu 140, na maneno mawili tu: "Matokeo hayo." Nikafungua. Majina yote, namba za usajili, namba za vitambulisho, maksi za kila yuniti, na mwisho kabisa balansi ya fii ya kila mtu. Mstari wangu umepakwa manjano, sapu, yaani nirudie mtihani, na kando yake mtu wa ofisi ameandika nilikuwa nimelazwa, akaweka na jina la kliniki. Hio kliniki mimi sijawahi kanyaga. Kabla tufike Bomas nilikuwa nimeshatumiwa pole na watu watatu.

Wakati huo nilidhani ni ukosefu wa adabu tu, kumbe kuna sheria, na kuna ofisi ya kushtaki, na kuna siku zimehesabiwa. Nimeulizwa hii kitu na wadogo zangu wa kempasi mara nyingi hadi nimechoka kutuma voisi noti, kwa hivyo naandika hapa mara moja.

Sheria yenyewe ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, ilianza kufanya kazi Novemba mwaka huo, na imekaa juu ya kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010, kile cha faragha. Inashika chuo cha serikali, cha kibinafsi, hata ile kolej ya orofa ya tatu pale River Road. Taasisi ya elimu inafaa iwe imeandikishwa kwa ofisi ya Kamishna wa Data hata ikiwa ndogo. Kifungu cha 26 ndicho utakitumia sana, kinasema una haki ya kuambiwa data yako inatumiwa kufanya nini, kuiona, kupinga itumiwe, kurekebishiwa ikiwa ya uongo ama ya kupotosha, na kufutiwa hio ya uongo.

Na kuna data nyeti, ambayo inalindwa zaidi. Hali ya afya iko hapo, lakini watu hawajui kwamba majina ya wazazi wako yako hapo pia, na mali yenu, na kabila, na kama umeoa ama umeolewa. Sasa fikiria ile fomu ya basari uliyojaza, baba anafanya kazi gani, mna ng'ombe wangapi, nani amefariki. Hio karatasi yote ni nyeti, na iko mahali kwa kabati fulani ambalo kufuli yake ilivunjika zamani.

Haya, kuitisha. Usiende kuuliza kwa mdomo. Narudia, usiende kuuliza kwa mdomo, juu ukiuliza kwa mdomo utaambiwa kuja kesho mpaka umalize kosi. Kuna fomu ya serikali inaitwa DPG 2, iko kwa kanuni za 2021, unaweza kuijaza, ama uandike barua fupi. Mimi niliandika hivi:

"Kwa Msajili wa Masomo. Mimi ni mwanafunzi wenu, namba ya usajili iko hapo juu. Chini ya kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data, 2019, naomba nakala ya data zote mlizo nazo kunihusu: maksi za kila yuniti tangu mwaka wa kwanza pamoja na za CAT (majaribio ya katikati ya muhula), faili langu la idara na barua zote zilizomo, taarifa za fii, na ofisi au watu wa nje mliowapa taarifa hizo. Kanuni za 2021 zinawapa siku 7, na ombi hili halilipiwi. Nimeambatisha nakala ya kitambulisho changu cha chuo."

Basi, imetosha. Usianze kulia kwa barua, usieleze venye ulisikia vibaya kwa matatu. Ukitaja maksi bila kutaja faili la idara watakuchapishia kile kipande cha potali ambacho tayari unacho, kwa hivyo taja vitu kwa majina. Tuma kwa imeili, tena ile imeili ya chuo, na uangalie chini ya tovuti yao kwa sera ya faragha kama kuna imeili ya afisa wa data, huyo mwekee nakala. Halafu, na hapa ndio watu hukosea, printi mbili upeleke kwa mkono ugongewe stampu na tarehe kwa nakala yako. Siku 7 bila tarehe ya kuanzia ni hadithi tu.

Kwa kaunta ilikuwa hivi.

"Hii ni ya nini?"

"Ni ombi la data yangu, madam."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu, ni mimi mwenyewe."

"Transkripti inalipiwa. Enda benki kwanza."

Usibishane na yeye, hio si kazi yake na sheria hajaiandika. Nilimwambia tu, "Sijaomba transkripti madam, nisaidie stampu, mkubwa atasoma." Akaangalia barua, akaangalia mimi, akavuta ile stampu ya wino umekauka akaigonga mara mbili. Tarehe ilitoka nusu nikaomba aandike kwa kalamu. Aliandika.

Transkripti na data si kitu kimoja, na usichanganye hio. Transkripti yenye mhuri ni cheti, chuo kina bei yake na masharti yake, na ukiwa na balansi watakuzuia nayo. Lakini kujua maksi zipi zimeandikwa kwa jina lako, na nani alizipata, hio ni data na hailipiwi. Kwa mtu ambaye maksi zimepotea, na nyinyi mnajua venye hio kitu ni ugonjwa wa vyuo vyetu, hii barua ni dawa kuliko kupanga foleni kwa mlango wa lekchara aliye likizo, juu sasa chuo lazima kiandike kwamba CAT yako iko ama haiko. Kikishaandika haiko, una kitu cha kushika.

Mimi nilipata bahasha siku ya sita. Ndani kulikuwa na karatasi kumi na kitu, na katikati barua ya daktari ya msichana mwingine, jina la pili kama langu, mwaka mmoja nami, kosi ingine. Mtu alifaili vibaya. Hapo ndipo ile kliniki ilitoka, na sapu yangu pia, juu mtu aliyesoma hio barua aliamua mimi sikufanya CAT, na nilifanya, niko na karatasi iliyosahihishwa. Ukikutana na karatasi ya mtu kwa faili lako, usipige picha, usiitume kwa mtu hata kwa mwenyewe kupitia rafiki wa rafiki, irudishe kwa bahasha uandike kwa ofisi kwamba iko mahali si pake. Huyo dada tunakutana kwa kibanda cha chapo hadi leo, tunasalimiana vizuri, na mimi sijawahi ingiza hio stori kwa mazungumzo.

Kurekebisha ni barua ya pili, fomu yake ni DPG 3, na siku ni 14. Weka ushahidi, mimi niliambatisha picha ya ile CAT ikiwa na maksi kwa wino mwekundu. Wakikataa wanafaa wakuandikie kwa nini. Lakini ujue mpaka wake: hii ni ya kurekebisha kitu kimeandikwa vibaya, 64 imeandikwa 46, yuniti hukusoma, jina la mtu mwingine. Kama unaona lekchara alikunyima maksi ulizostahili, hio ni rimaki, yaani kusahihishiwa upya, fuata kanuni za mtihani za chuo chako na ulipe pesa yao, Kamishna wa Data hasahihishi insha.

Kuhusu wazazi sasa, maana hapa ndipo inbox yangu hujaa. Ukifikisha 18 wewe ni mtu mzima mbele ya hii sheria, na data yako ni yako. Kabla ya 18 idhini inatoka kwa mzazi. Hakuna mahali imeandikwa anayelipa fii anapewa maksi. Kwa hivyo anko akitumwa na mzee aende kempasi kuulizia kama kweli unasoma, ofisi haifai kumfungulia faili, na ikimfungulia imekosea. Lakini soma fomu uliyosaini ya mdhamini ama basari, juu wengi tulisaini kwamba chuo kitakuwa kikimtumia mfadhili matokeo, na hio ni idhini tayari. Unaweza kuiondoa idhini, sheria inaruhusu, ila mfadhili naye anaweza kuondoa pesa, hesabu yako fanya mwenyewe. Na mzee mwambie matokeo wewe mwenyewe tafadhali. Kumnukulia baba yako kifungu mezani wakati ugali unapoa ni kujitafutia kitu kingine.

Kuna rafiki yangu alitoa barua kwa intaneti akapeleka vile ilivyo, imejaa FERPA na siku 45. Hio ni sheria ya Marekani ya 1974, inashika shule zinazopata pesa kutoka wizara yao ya elimu, huku haitambuliki na ofisi ilimrudishia ikicheka. Itakuhusu siku unatuma maombi ya masomo kule, juu utaulizwa kama unaachilia haki yako ya kuona barua za marejeo walimu wako watakazoandika. Watu wengi huachilia, ili barua iaminike zaidi. Soma kabla ya kubonyeza.

Kama siku 7 zimeisha kimya, tuma ukumbusho mmoja, mmoja tu, halafu lalamika kwa ofisi ya Kamishna wa Data. Ofisi iko Britam Tower, Upper Hill, lakini huhitaji kupanda huko, malalamiko unaweka kwa tovuti yao na ni bure. Weka barua yenye stampu, imeili, na skrinshoti. Skrinshoti ya grupu ichukue ikionyesha tarehe na nani alituma, na ukiituma ficha majina ya wenzako la sivyo wewe ndio sasa unasambaza. Malalamiko yanafaa kuchunguzwa na kumalizwa ndani ya siku 90. Faini ya ofisi inaweza kufika shilingi milioni 5, ama asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliopita, ile iliyo ndogo, na unaweza kuomba fidia pia. Na wanapiga kweli, mwaka wa 2023 shule moja ya Uthiru ilipigwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto mtandaoni bila idhini ya wazazi. Kwa hivyo ukiona uso wako kwa bango la kutafuta wanafunzi wapya na hukuulizwa, una kesi, juu kutumia data yako kwa biashara kunataka idhini yako.

Klasi repu muache lakini. Anatumwa tu na ofisi, naye pia balansi yake ilikuwa kwa ile Excel. Mwambie afute, na darasa likubaliane matokeo yakija kwa faili nzima yarudishwe ofisini bila kufunguliwa kwa grupu. Lawama ni ya aliyetoa faili kwa kompyuta ya idara.

Na sisi wenyewe tuko na maneno. Pasiwedi ya potali bado ni namba ya usajili, ile tulipewa siku ya kwanza, na namba ya usajili iko kwa kila orodha. Nilienda saiba moja Ngara kuprinti hizo barua, kwa deskitopu nikahesabu barua za kuitwa chuoni za watu tisa, fomu nne za HELB, ule mkopo wa serikali wa masomo, na skani ya kitambulisho cha mtu nimesahau jina lakini sura ningeitambua kwa stendi. Jamaa wa saiba si mbaya, amesaidia wengi, ila anaweka pasiwedi za wateja kwa daftari la kurasa 96 kando ya stepla. Ukimaliza hapo toka kwa akaunti yako, futa faili kwa deskitopu, fungua na lile pipa la takataka ulimwage, halafu ukifika nyumbani badilisha pasiwedi.